Ukoko wa Ukweni

Jamani, darasa letu lote mnaosoma barua pepe hii, leo nimeaibika mchana kweupe. Tena nikiwa nimevaa suti. Tena ukweni.

Naandika kutoka intaneti kafe moja hapa mjini Moshi. Dada mwenye kafe ameniangalia mikono, akaniambia nikanawe kwanza ndipo niguse mashine yake. Nimenawa. Haijatoka yote. Mkiona herufi zimekosewa, ni vidole vinateleza kwa sabuni.

Mnajua kwamba mimi na Ndeshi tumechumbiana (wasiojua ndio mjue sasa, na mpeni Ndeshi pole). Mambo ya mahari yalishakwisha. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, tarehe ya harusi. Na tarehe kwetu si jambo dogo. Ndeshi kamaliza ualimu, amepangiwa shule huko Songea, anatakiwa kuripoti mwezi wa sita. Tukipata tarehe kabla ya hapo, anaondoka akiwa mke wangu na mimi namfuata. Tukikosa, harusi inasogea mpaka Desemba, Ndeshi anakwenda Songea peke yake, na Songea nimesikia kuna wanaume.

Sasa sisi Walutheri wa huku mlimani hatufungi ndoa wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo kila mwenye mchumba anasubiri Pasaka ipite, halafu wote tunakimbilia kanisani kwa pamoja, katikati ya masika. Kila mwaka hivyo hivyo. Kila mwaka magari yanakwama, kila mwaka maharusi wanabebwa mgongoni, na kila mwaka watu wanashangaa mvua hii imetoka wapi. Hakuna anayelaumu kalenda. Wanalaumu ukoko.

Si mnaijua hiyo? Mtu akila ukoko, siku ya harusi yake mvua inanyesha. Mama yangu alinikaririsha hilo utoto wote huku akininyang'anya mwiko. Na mimi nilikuwa namjibu kwamba sitaoa (nilikuwa na miaka saba, na ukoko ulikuwa mtamu kuliko mwanamke yeyote niliyemfahamu).

Basi. Leo asubuhi tukapanda Machame kwa pikapu ya kuazima, mimi na baba mdogo Aminieli, ambaye ndiye mshenga wangu. Nimevaa suti rangi ya maziwa. Nimeitoa mitumbani, na muuzaji aliapa kwamba Mzungu wake aliivaa mara moja tu, kwenye mazishi (nani anakwenda kuzika na suti ya maziwa? sikuuliza, bei ilikuwa nzuri).

Njia nzima baba mdogo ananipa masharti. Nisiongee, yeye ndiye mdomo wangu. Nisicheke na Ndeshi mbele ya wazee. Na zaidi ya yote, nisile. Mkwe anayeshindilia sahani, alisema, anaonekana kwao kuna njaa. Nichukue vijiko viwili, nishukuru, nisukume sahani pembeni. Nikamwambia sawa. Sikumwambia kwamba asubuhi sikunywa hata chai kwa hofu.

Tukafika, tukapokewa na wazee wa ukoo, shikamoo zikapita, tukaombewa. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, mpole, anasema polepole. Lakini pale nyumbani kuna dada yake, Shangazi Aikunda. Baba mkwe ndiye msemaji, ila Shangazi ndiye anayeamua kama kweli amesema. Isitoshe ndiye mpishi wa mtaa mzima. Hakuna ubarikio wa vijana kanisani wala msiba uliopita kule bila sufuria zake.

Baba mkwe akaanza vizuri kabisa. Akasema usharikani imebaki Jumamosi moja tu, ile ya baada ya Pasaka, na ameomba wamshikie. Nikamtazama Ndeshi aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, akaangalia dari ili asitabasamu. Shangazi akasema hiyo tarehe tutaizungumza, kwanza tule.

Ukaja mtori wa ndizi, ikaja nyama, ukaja wali wa Shangazi Aikunda. Wali ule unapikwa jiko la nje, juu ya mafiga, kwa kuni, halafu unapaliwa makaa juu ya mfuniko mpaka kila punje inasimama peke yake. Nikachota vijiko viwili. Nikashukuru. Nikasukuma sahani pembeni. Baba mdogo (yeye mdomo wangu) akala vyake na vyangu.

Tumbo likaanza kuongea. Likaongea kwa sauti. Mama mkwe akadhani ni pikapu inakuja. Nikaomba ruhusa kwenda msalani.

Wenzangu, msalani nilikwenda kweli. Tatizo ni kurudi. Njia ya kurudi inapita mlangoni kwa lile jiko la nje, mlango uko wazi, hakuna mtu, na harufu inatoka kama inaniita kwa jina la ubatizo. Nikachungulia. Sufuria kubwa imewekwa kando ya mafiga, wali wote umeshapakuliwa, na chini kabisa, mduara mzima, ukoko. Mwekundu. Haujaguswa.

Nikajisemea nitaonja tu. Mlango nikausogeza, kukawa giza. Nikakaa kwenye kigoda, nikaipakata ile sufuria kama mtoto, nikaingiza mkono. Kipande kikatoka, kikalia mdomoni, nikafumba macho. Kikatoka kingine. Kikubwa kimoja nikakitia mfuko wa koti kwa safari ya kurudi mjini (ndiyo, nilipanga mbele, mimi ni mtu wa mipango). Nikafuta jasho usoni kwa viganja vyote viwili, nikajikung'uta, nikarudi sebuleni kwa mwendo wa heshima.

Kumbe huko nyuma mazungumzo yalikuwa yameendelea. Shangazi alikuwa amewaeleza kuhusu harusi ya dada yake Ndeshi. Mvua ilinyesha, gari lililobeba keki likaserereka hadi kwenye migomba, na keki ikaliwa na watu ambao hawakualikwa. Walipochunguza wakagundua bwana harusi alikuwa mla ukoko wa siku nyingi. Tangu hapo Shangazi ameapa. Ndeshi amelelewa bila kuonja ukoko hata punje. Kama na mimi ni msafi, Jumamosi ile ni yetu hata kama ni masika. Kama si msafi, tusubiri Desemba, kiangazi.

Na baba mdogo wangu, kwa kunipigania, alikuwa ameshaapa mbele ya mzee wa kanisa kwamba mimi nimekulia Njoro, hapa Moshi mjini, kwa jiko la mafuta ya taa, na kwamba ukoko siujui hata kwa jina.

Nikaingia. Wote wakaniangalia. Nikadhani wanaangalia suti.

"Eti baba," Shangazi akaniuliza, "mshenga wako anasema wewe ukoko huujui. Ni kweli?"

Baba mdogo akanikazia jicho. Niseme nini? Nikimkana, nimemfanya mwongo. Nikawaza Jumamosi. Nikawaza Songea.

"Ukoko?" nikasema. "Ukoko ndio kitu gani, Shangazi?"

(Mwalimu wetu wa Kiswahili akilisikia hili atakwenda kunifutia cheti.)

Shangazi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa vizuri, akanifundisha kama darasa la kwanza. Akasema wali ukishika chini ya sufuria, si kila kilichoshika ni ukoko. Kilichonata cheupe, kinaomba kukwanguliwa, huo ni uvivu wa mpishi. Kilichokuwa cheusi, kichungu, kinanuka moshi, huo ni wali ulioungua, na mpishi aliyeunguza aone haya. Ukoko ni ule wa katikati. Umekauka bila kuungua, una rangi ya chai ya rangi, unabanduka vipande na unalia ukitafunwa. Na masizi, akasema huku akinitazama sana, masizi ni ule weusi wa nje ya sufuria. Huo hauliwi. Huo unampaka mtu aliyeipakata.

Mimi nikawa naitikia kwa kichwa. Nikasema asante, leo nimeelimika.

Ndeshi pale mlangoni akajifunika uso kwa kanga. Nikaangalia chini, na ndipo nilipoona. Kwenye mapaja ya suti ya maziwa palikuwa na mduara mweusi, mkamilifu, ungedhani umepigwa kwa bikari. Tumboni palikuwa na doa jingine. Usoni sikujiona, lakini baadaye kioo cha pikapu kiliniambia kwamba nilikuwa na viganja viwili kamili kwenye mashavu.

Nikapaliwa. Nikakohoa. Nikavuta kitambaa mfukoni haraka nijifute. Na kitambaa hakikutoka peke yake.

Kile kipande kikadondoka kwenye saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu. Kikalia. Kikateleza taratibu mpaka mbele ya viatu vya baba mkwe, kikasimama.

Baba mkwe akainama, akakiokota, akauliza ni nini. Baba mdogo akajibu kwamba ni biskuti. Shangazi akasema hajawahi kuona biskuti yenye punje.

Hapo ningenyamaza, mambo yangeishia kwenye aibu tu. Lakini baba mkwe, kwa upole wake, alitaka kunisaidia. Akakipeleka kile kipande dirishani, akakigeuza kwenye mwanga, akasema hapa pembeni pana weusi kidogo. Baba mdogo akaruka kama aliyeonyeshwa mlango wa kutorokea. Akasema mmesikia, Shangazi mwenyewe ametufundisha sasa hivi kwamba cheusi si ukoko. Cheusi kimeungua. Na mvua inamfuata mla ukoko, haimfuati mla kilichoungua. Kwa hiyo kijana wetu ni msafi.

Wazee wakakipitisha kile kipande mkono kwa mkono. Mmoja akakinusa. Mwingine akavaa miwani. Mama mkwe akasema yeye anaona ni rangi ya chai, ila chai iliyokaa. Mwisho baba mkwe akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyekila. Kilikuwa ukoko, au kilikuwa kimeungua?"

Nikiangalia nyuma, swali lile lilikuwa mtego na hakuna aliyeutega. Mimi niliona njia moja tu ya kuipata Jumamosi.

"Kilikuwa kimeungua, baba."

Shangazi Aikunda akasimama, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja taratibu. Akasema amepikia watu tangu Mangi wa mwisho, chifu wetu, yuko kwenye kiti, na hakuna aliyewahi kumwambia ameunguza wali. Kama ameunguza, basi harusi hiyo itafutiwe mpishi mwingine. Na itafutiwe shangazi mwingine pia. Akatoka.

Kwa akina Ndeshi bibi harusi hatoki nyumbani mpaka shangazi yake amemshika mkono. Kwa hiyo pale tarehe ilikuwa imekwisha, hata Desemba ilikuwa imekwisha. Ndeshi hakuwa anacheka tena. Aliniangalia mara moja tu, na lile jicho nimerudi nalo mjini.

Baba mdogo akaninong'oneza neno moja. Isale.

Wa pwani, nawafafanulia. Isale ni mmea wa majani marefu, na kwetu mtu akikuletea jani lake kukuomba radhi, huna ujanja, unasamehe. Hata kama alikuibia ng'ombe. Nikatoka mbio. Nikashuka kwenye migomba, nikaliona isale limesimama zuri, nikalishika, nikavuta.

Jani moja lilitosha. Hilo najua sasa. Mimi nilishika shina, tena kwa mikono miwili, kwa nguvu ya mtu anayempoteza mke. Likaja lote. Mizizi, udongo, na mnyoo mmoja.

Sasa jambo ambalo mtoto wa Njoro halifikirii. Masale hayaoti tu popote kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama magugu. Masale ndiyo mpaka. Na lile nililong'oa lilikuwa limepandwa juzijuzi tu na wazee wa kijiji, baada ya ugomvi wa miaka na miaka kati ya baba mkwe na jirani yake. Ndiyo maana liling'oka kirahisi.

Na jirani alikuwa palepale, upande wa pili, anamkatia ng'ombe majani. Akaniona. Kijana asiyemjua, suti ya maziwa yenye mduara mweusi, viganja usoni, ameshika mpaka wake kwa mizizi.

Nikamwambia shikamoo. (Nilikuwa na adabu mpaka mwisho.)

Hakuitikia. Alimwita baba mkwe kwa sauti ambayo nadhani hata Hai mjini waliisikia, kwamba toka uone mlivyomleta mtu wa kuhamisha mpaka wetu mchana kweupe. Nyumba nzima ikamwagika. Baba mkwe, yule mpole, akafika na kuanza kuonyesha kwa fimbo isale lilisimama wapi. Jirani akaonyesha pengine. Shimo, jamani, lilikuwa katikati yao, bichi, linaonekana, na wanabishana liko wapi. Mimi nimeshika isale nageuka huku na huku, kila nikigeuka udongo unamwagikia viatu vyangu.

Baba mdogo akajaribu kusema kwamba nilikuja tu kuomba radhi kwa sababu ya ukoko. Jirani akauliza ukoko umeingiaje kwenye shamba lake. Akaelezwa. Akaelezwa tena. Akataka kukiona hicho kipande, na mtu akakitoa (nani alikuja nacho, sijui). Akakivunja kidogo, akakitia mdomoni, akatafuna, wote tukimsubiri kama hakimu.

"Huu ni ukoko," akasema. "Nani kasema umeungua?"

Baba mkwe akaninyooshea fimbo. Jirani naye akaninyooshea panga. Naambiwa ni mara ya kwanza wale wazee wawili kukubaliana jambo.

Ndipo Shangazi Aikunda akaja, anatembea taratibu kutoka jikoni. Akaninyang'anya lile isale bila kuniangalia, akalirudisha shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino. Hakuna aliyebisha. Halafu akachuma jani moja, moja tu, akalipiga fundo, akanipa mkononi. Akasimama mbele yangu, mikono kifuani.

Nikaelewa. Ananipa jani la kumwombea yeye mwenyewe.

Nikapiga magoti kwenye matope. Baba mdogo akafungua mdomo anisemee, Shangazi akamwambia anyamaze, leo kijana ana mdomo wake.

Nikasema yote. Nikasema wali haukuungua. Nikasema ulikuwa ukoko, ukoko halisi, mwekundu, unaolia, na sijawahi kuonja mzuri kama ule. Nikasema naujua ukoko kwa jina, kwa sura na kwa tabia tangu nikiwa mdogo. Nikasema nilidanganya kwa sababu namtaka Ndeshi, na naogopa Songea. Hapo sioni aibu kuwaambia kwamba machozi yalishuka yakachora mistari kwenye masizi.

Shangazi akalipokea jani. Akaligeuzageuza mkononi, mpaka jirani akasema Mama, likishapokelewa limepokelewa.

Akasema amesamehe. Akasema Jumamosi ya baada ya Pasaka iandikwe. Ila kila mtu hapa ashuhudie kwamba mvua itanyesha, na kwamba mvua hiyo ni ya bwana harusi, si ya wapishi. Kisha akarudi jikoni, akaileta ile sufuria mwenyewe, akaniwekea mapajani pale pale kwenye mduara wake, ikakaa sawasawa.

"Maliza," akasema. "Hakuna mtu anayebakisha ukoko wangu."

Nikala. Wazee wamesimama wamenizunguka, na kila nikitafuna wanaangalia juu kwenye mlima kama wingu limeanza kushuka. Ndeshi akaja akachuchumaa pembeni yangu, akaniambia polepole nimsikie mimi tu:

"Si ungeniambia? Ningekufungia kwenye mfuko."

Halafu yeye, aliyelelewa bila hata punje, akaingiza mkono kwenye sufuria, akamega kipande, akatafuna mbele ya shangazi yake. Kwa hiyo mvua sasa ni ya wawili.

Kadi zinakuja wiki ijayo, wote mmealikwa. Acheni kununua seti za glasi, leteni mabuti na miavuli. Na ninyi mnaocheka hapo mlipo, nawajua mmoja mmoja, ndio mtakaosukuma gari la keki.